Usiku wa Kaifeng na Ruhusa Yake

Vitabu vya kusifia miji ni vingi, na aghalabu huchosha. Mwandishi huanza na majengo, akaingia masokoni, akamalizia na ukarimu wa wenyeji. Msomaji akishafunga kitabu hajui zaidi ya alichokuwa akikijua kabla ya kukifungua. Kipo kimoja, hata hivyo, ambacho nimekirudia mara kwa mara, na kila nikikirudia nakiona kipya. Kinaitwa Dongjing Meng Hua Lu, jina tunaloweza kulifasiri kuwa Kumbukumbu za Ndoto ya Fahari ya Mji Mkuu wa Mashariki. Aliyekiandika ni Meng Yuanlao, na dibaji yake ina tarehe ya mwaka 1147.

Mji anaousimulia ni Kaifeng, uliokuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Song. Leo Kaifeng ni mji wa kawaida katika jimbo la Henan. Hata makao makuu ya jimbo umepokonywa, maana yalihamishiwa Zhengzhou mwaka 1954. Kilichoubakia ni jina, chakula, na usiku. Mgeni anayefika huko hahimizwi kuona viwanda wala bandari. Huambiwa asubiri jua lizame. Nami nilisubiri, nikakaa jioni kadhaa, nikala, nikatazama michezo yao. Ninayoyasema hapa ni tathmini ya kitabu cha Meng pamoja na burudani ambazo mji huo wa leo umezijenga juu ya kitabu hicho, kwani hivi viwili haviachani.

Ili kukielewa kitabu lazima kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Katika Chang'an, mji mkuu wa ukoo wa Tang, ngoma zilipigwa machweo, milango ya mitaa ikafungwa, na mtu aliyekutwa barabarani usiku bila sababu ya haki alistahili viboko 20. Masoko yalikuwa na ukuta wake na saa zake. Marufuku hiyo iliondolewa kwa siku chache tu katika mwaka, nazo ni zile za Sikukuu ya Taa, katikati ya mwezi wa kwanza. Kwa hiyo, tusipotoshwe na uzuri wa taa za karatasi. Mtu wa kawaida wa Chang'an alipoifurahia sikukuu hiyo alifurahia zaidi kitu kisichoning'inizwa juu ya mti: alikuwa na ruhusa ya kutembea usiku.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 965 mfalme wa kwanza wa Song alitoa amri kwamba masoko ya usiku ya mji mkuu yasizuiwe hadi zamu ya tatu, yaani kati ya saa tano na saa saba za usiku. Amri yenyewe ni fupi mno, lakini kwa maoni yangu ni miongoni mwa maneno mazito kabisa katika historia ya mji wowote. Kile kilichokuwa cha siku chache kwa mwaka kikawa cha kila siku. Kizazi baada ya kizazi mipaka hiyo nayo ikalegea, hata Meng alipofika Kaifeng mwaka 1103, akiwa amefuatana na baba yake, alikuta masoko yanayofungwa zamu ya tatu na kufunguliwa tena zamu ya tano, na mitaa mingine isiyolala kabisa.

Ubora wa Meng ni kwamba anaandika kama mtu mwenye njaa. Anatushika mkono kwenye daraja la Zhouqiao na kutushukisha kusini, kibanda kwa kibanda. Hapa nyama kavu, pale sungura, mbele maandazi yenye mkunga, kisha ngozi ya kuku, figo na vipande vya matumbo, na kila kimoja, asema, hakizidi sarafu 15 za shaba. Kiangazi vinakuja vinywaji na vitamutamu vilivyopozwa kwa barafu. Kipupwe inakuja nyama ya moto. Hasifii ladha hata mara moja. Anataja jina, bei na mahali, basi. Wapo wahakiki wanaoliona jambo hilo kuwa udhaifu, wakasema kitabu chake ni orodha tu. Mimi naliona kuwa ndilo nguvu yake. Aliyepoteza nyumba hakumbuki kwa vivumishi; hukumbuka mlango ulikuwa upande gani, na mama muuza uji aliketi wapi.

Hali kadhalika katika burudani. Anatueleza kuhusu viwanja vilivyoitwa wazi, ambavyo kimoja na jirani zake vilikuwa na kumbi zaidi ya 50, na kumbi kubwa kabisa zikiweza kuchukua watu maelfu kadhaa. Humo mlikuwa na vikaragosi vya mbao, michezo ya vivuli, miereka, waimbaji na watambaji. Huo Sijiu alijulikana kwa visa vya Falme Tatu, na Yin Chang kwa historia ya Zama Tano. Anawataja kwa majina kama sisi tunavyowataja waimbaji wetu wa taarab. Mahali hapo paliuzwa pia dawa, nguo kuukuu, na utabiri wa nyota. Mtu, asema Meng, aliweza kukaa humo kutwa nzima bila kuhisi kuwa jioni imeingia.

Naye Cai Tao, aliyeishi zama hizo hizo, ameacha habari moja ambayo kwangu inatosha kuwa picha ya mji mzima. Anasema kwamba watu wa kila mahali huteseka kwa mbu, isipokuwa wale wa barabara ya Maxing katika Kaifeng. Huko taa zilikuwa nyingi na moshi wa mafuta yake mzito kiasi cha kuwafukuza mbu. Sisi tulioishi pwani tunajua thamani ya habari hiyo kuliko msomaji wa Ulaya!

Pwani yetu nayo haiko mbali na kisa hiki kama inavyodhaniwa. Kumbukumbu za Song zinataja wajumbe kutoka nchi waliyoiita Cengtan, waliofika katika baraza la mfalme mwaka 1071 na tena mwaka 1083. Wapo wanazuoni wanaosema jina hilo ni Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, wengine hawakubali. Lakini sarafu hazina ubishi. Mwaka 1945, huko Kajengwa karibu na Makunduchi, Unguja, yalifukuliwa mafungu ya sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za ukoo huo wa Song. Shaba ya namna ile ile iliyonunua andazi la mkunga pale Zhouqiao ilifika hadi kwetu.

Sasa niingie katika lawama, maana uhakiki usio na lawama ni shairi la arusi.

Lawama yangu ya kwanza kwa Meng ni ya kale, wala si mimi niliyeigundua. Kitabu chake kinasimulia utawala wa mfalme Huizong, aliyependa uchoraji na mawe ya ajabu kuliko alivyopenda hesabu. Ili kuijenga bustani yake iliyoitwa Genyue, mawe na miti vilitolewa kusini na kusafirishwa kwa misafara ya majahazi hadi mji mkuu. Nyumba za watu zilivamiwa na watu wakafilisika. Mwaka 1120 Fang La aliongoza uasi huko kusini, na dhuluma ya mawe hayo ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Miaka saba baadaye, mwaka 1127, majeshi ya Wajurchen yalikuwa yameuteka mji, yakamchukua Huizong na mwanawe mateka hadi kaskazini ya mbali. Katika sura zote kumi za Meng, bustani hiyo haielezwi. Anatuhesabia vibanda vya figo, lakini kilima kikubwa cha mawe kilichosimama mjini hakioni! Msomi mmoja wa zama za Qing alikisia kwamba Meng alikuwa afisa aliyehusika na ujenzi wa bustani yenyewe, na kwamba aliinyamazia kwa aibu. Kisio hilo halijathibitishwa. Hata hivyo, linaonyesha jinsi kimya hicho kilivyowasumbua wasomaji.

Na hapo ndipo wengi humhukumu na kumwacha. Wanasema huyu ni mtu wa kutamani ya kale, aliyezipenda taa asijali mafuta yalikotoka. Ningekubaliana nao kama nisingeisoma kwa makini sura ya sita, ile ya Sikukuu ya Taa.

Sura hiyo ndiyo iliyomfanya Meng awe maarufu. Mbele ya lango la kasri la Xuande, jukwaa lilianza kujengwa tangu kipupwe kilipofika kati. Juu yake palikuwa na mlima wa taa. Maji yalipandishwa hadi kileleni kwa gurudumu, yakaachiwa yashuke kama maporomoko. Palikuwa na sanamu za watakatifu wa Kibuddha, mmoja juu ya simba na mwingine juu ya tembo mweupe, maji yakitiririka kutoka vidoleni mwao. Palikuwa na majoka ya majani makavu yaliyovikwa kitambaa cha kijani na kujazwa mishumaa makumi ya maelfu. Mfalme alikaa juu ya lango, na maandishi makubwa yakatangaza kuwa anashiriki furaha pamoja na raia wake.

Ni nadra sana kwa waandaaji wa sherehe za leo kunakili sentensi inayofuata baada ya kurasa chache. Chini ya mnara wa magharibi wa lango hilo, asema Meng, mkuu wa mji alikuwa amefunga hema lake la ulinzi, na mbele yake wamepangwa wahalifu wengi. Mara kwa mara mmoja wao alihukumiwa na kuadhibiwa palepale, ili watu wajinga waonyeke. Na mara nyingine neno lilishuka kutoka juu kwa mfalme, mfungwa akaachiwa.

Meng haongezi neno. Hahurumii, halaumu. Anaendelea na muziki. Lakini ameiweka pale, na mimi naamini ameiweka akijua. Mlima wa taa na safu ya wafungwa vilikuwa sehemu mbili za onyesho moja. Mkono ulioruhusu ndio ulioadhibu, na ulitaka uonekane ukifanya yote mawili usiku ule ule. Mahali pengine anatuambia kwamba mwaka mpya uliposhika, serikali ya mji iliruhusu kamari ya bidhaa kwa siku tatu, na hata wanawake wa nyumba kubwa walikwenda kutazama na kula mikahawani. Siku tatu, ya nne, hapana. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kitabu hiki ni cha mtu aliyelewa kwa taa. Kimenyamazia bustani, na hilo ni kosa. Ila kimetuachia ushahidi wa jinsi furaha ya umma inavyotolewa kwa kipimo.

Tuje kwenye Kaifeng ya leo. Mji wa Meng haupo tena juu ya ardhi. Mto Manjano umeufunika kwa matope mara nyingi, na gharika ya mwaka 1642 ilikuwa mbaya kupita kiasi. Tabaka la zama za Song limelala mita kadhaa chini ya viatu vya wapita njia. Daraja la Zhouqiao lilianza kufukuliwa mwaka 2018, na kuta zake zikaonekana na nakshi za farasi wa majini na korongo. Kwa kuwa hakuna cha kale cha kukionyesha juu, mji umejenga kipya. Mwaka 1998 ilifunguliwa bustani ya Qingming Shanghe Yuan, iliyoigwa kutoka mchoro mrefu wa Zhang Zeduan, ambao asili yake imehifadhiwa Beijing. Ni ajabu kidogo kwamba mchoro wenyewe ni wa mchana. Humo bustanini, usiku, huonyeshwa mchezo mkubwa juu ya maji, nao umepewa jina la kitabu cha Meng.

Nimeutazama. Ni mzuri kwa macho, na siwezi kusema vingine. Mashua zinapita zikiwa na taa, wacheza ngoma wanajitokeza gizani kwa mamia, mavazi yameshonwa kwa ustadi, na muziki unajaza ziwa zima. Kasoro yake ni mahali ulipomkalisha mtazamaji. Ameketi upande mmoja, kwa safu, tiketi mfukoni, akitazama yanayopita mbele yake kama alivyotazama mfalme kutoka juu ya lango. Kitabu cha Meng kimeandikwa kutoka chini, katikati ya msongamano, na harufu ya mafuta puani. Mchezo umechukua jina lake ukaacha kimo chake. Na katika fahari ile sikuona mahali pa wale waliopangwa chini ya mnara wa magharibi.

Afadhali nikutajie burudani nyingine, ya bei ndogo na ya kelele zaidi. Katika bustani ya Wansuishan, mwaka 2024, kijimchezo kimoja kilivuma China nzima. Mama mmoja amevaa kama Wang Po, yule mshenga mwovu wa riwaya ya Shuihu Zhuan, aliyechangia kifo cha mume wa watu. Katika riwaya ni mtu wa kuogopwa. Jukwaani Kaifeng amegeuka kuwa shangazi wa kila mtu: anawaita vijana kutoka kwenye umati, anawauliza kazi yao, umri wao na wanachokitafuta, kisha anauliza umati kama yupo wa kuwapokea. Vijana wanapanda, wanaona haya, wanachekwa, wanashuka na wachumba au bila wachumba. Wasomi wa fasihi huenda wakanung'unika kwamba riwaya imeharibiwa. Mimi nasema wazi za Meng zingeutambua mchezo huu mara moja. Ni kelele, una mzaha, na watazamaji ndio wenyewe waigizaji.

Na ukitoka hapo uende Gulou, kwenye mnara wa ngoma, utamkuta Meng mwenyewe bila tangazo lolote. Wachuuzi wanapanga meza jioni. Kuna maandazi ya mvuke yenye mchuzi ndani, ambayo usipoyauma kwa taratibu yatakuunguza kidevu. Kuna wanga uliogandishwa ukakaangwa kwa viungo, keki za karanga, na uji wa lozi unaomiminwa kutoka birika kubwa la shaba lenye mdomo wa joka. Wachuuzi wengi ni Waislamu wa kabila la Hui, ambao wamekaa Kaifeng kwa karne nyingi, na Mswahili mwenye kuchagua nyama halahala hulala ameshiba. Hakuna anayeigiza pale. Yule mama anauza kwa kuwa ana watoto wa kusomesha, na ndiyo maana usiku wake ni wa kweli.

Mwaka huo huo wa 2024 lilitokea jambo ambalo Meng angelipa sura nzima. Mwezi Juni wanafunzi wanne wa kike wa Zhengzhou walipanda baiskeli za kukodi usiku wakaendesha kilomita 50 hivi hadi Kaifeng, ati kula maandazi ya mchuzi. Habari ikaenea. Kaifeng ikafurahi, ikawakaribisha wageni hao, ikawafungulia vivutio bila malipo. Kufikia usiku wa tarehe 8 Novemba, waendesha baiskeli walikuwa makumi ya maelfu, na yapo makadirio yanayovuka laki moja. Barabara kuu kati ya miji hiyo miwili ilijaa pomoni, magari yakakwama, baiskeli zikatelekezwa Kaifeng kwa malundo. Baada ya hapo njia za baiskeli zikafungwa, kampuni za baiskeli zikatangaza kwamba chombo kitakachovuka mpaka wa Zhengzhou kitajifunga, na baadhi ya vyuo vikawazuia wanafunzi kutoka.

Sisemi serikali haikuwa na sababu. Umati wa kiasi hicho gizani, kwenye barabara ya magari, ungeweza kuua watu, na mgonjwa aliyekuwa ndani ya gari usiku ule hakuwa na kosa. Lakini mtu aliyesoma kitabu cha Meng hawezi kushangaa. Taa ziliwashwa, neno likashuka kutoka juu ya lango kwamba furaha ni ya wote; kisha umati ulipoichukua furaha hiyo kwa miguu yake, bila tiketi na bila ratiba, ngoma ya machweo ikapigwa. Tofauti na Chang'an ni kwamba mlango wa mtaa sasa uko ndani ya kufuli ya baiskeli.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kitabu cha Meng Yuanlao kina upungufu mkubwa wa kimya, nacho kinabaki kuwa bora kuliko fahari zote zilizojengwa kwa jina lake, kwa sababu kinajua usiku wa mji ni mali ya wanaouza na wanaotembea, na kwamba mali hiyo iko mikononi mwa mwingine. Mchezo wa ziwani ni wa kutazamwa mara moja. Wang Po ni wa kurudiwa. Gulou ni pa kulindwa, kwani hapo hakuna cha kuiga pakishavunjwa. Nawe msomaji, siku watakapokuja kukusifia mji wowote, uwe wa China au wa kwetu, kwa wingi wa taa zake za sikukuu, waulize sikukuu ikiisha mama muuza uji huamriwa kufunga saa ngapi, na ni nani anayemwamuru.